Kupata mawazo ya rangi za maji kwa wachoraji wa mitandaoni, kisha kuyatumia Moshi na Arusha

Maswali ni yale yale kila juma. Nimfuate nani Instagram? Leo nichore nini? Mbona nimeifuata video mwanzo mpaka mwisho, nimechovya alipochovya, nimesubiri aliposubiri, na bado mlima wangu umetoka tope? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Soma kwanza, kisha uniulize lile ambalo halimo.

Jambo moja tuliweke sawa mapema, maana ndilo linalowapotezea watu muda. Mchoraji wa mtandaoni hakupi cha kuchora. Anakupa namna ya kuchora. Cha kuchora kiko nje ya mlango wako. Ukiyachanganya hayo mawili utaishia kuchora mitaa ya Venice ambayo hujawahi kuikanyaga, kwa mwanga ambao hujawahi kuuona, na hutajua umekosea wapi kwa sababu huna cha kulinganisha nacho. Ukichora bati la nyumba ya jirani, unanyanyua macho tu na kosa unaliona.

Andaa hivi kwanza

- Simu yenye nafasi, na bando la kiasi. Picha hazili bando sana, video ndizo zinalimaliza. Video za YouTube zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi, au zishushe ubora hadi 360. Kwa kuangalia mkono unavyokwenda, inatosha.
- Daftari. La shule linafaa. Bila daftari hatua ya 3 haifanyiki, na bila hatua ya 3 zote zinazofuata ni kupoteza rangi.
- Karatasi ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba. Angalia kwenye jalada, pameandikwa 300 gsm. Kata karatasi ya A4 vipande vinne. Ni saizi nzuri ya mazoezi na hasara yake ni ndogo. Manila ya stesheneri itumie kwa penseli tu. Ukiilowesha na kuisugua mara mbili inatoa manyoya, na rangi inakaa juu juu.
- Rangi tano. Njano moja, nyekundu moja, buluu mbili, na burnt sienna ambayo ni kahawia ya kutu. Buluu moja iwe ultramarine. Majina ya rangi hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, lakini nyuma ya tyubu nyingi pana namba ya unga uliotumika: ultramarine ni PB29, burnt sienna mara nyingi ni PBr7. Nunua kwa namba.
- Brashi mbili. Ya mviringo namba 8 au 10 inayorudi kuwa na ncha kali ikilowa, na bapa ya upana wa vidole viwili.
- Vingine vya nyumbani. Makopo mawili ya maji (moja la kuoshea, moja la maji safi), kitambaa cha pamba kilichochakaa, maskintepu, kipande cha plaiwudi, na sahani nyeupe ya udongo ya kuchanganyia rangi. Paleti ya plastiki hufanya maji yajikusanye matone matone. Sahani ni bora, na tayari unayo.

Usisubiri seti ya rangi 48. Ukiwa na nyingi hivyo utakuwa unachagua badala ya kuchanganya, na kuchanganya ndiko kunakofundisha.

Hatua ya 1: Ifundishe simu unachotaka kuona

Macho hayana pazia, na programu hizi zinaishi kwa macho yako. Ukiganda sekunde kumi kwenye video ya mtu anayekata sabuni, kesho utaletewa sabuni tano. Dawa yake ni kufungua akaunti ya pili ya kuchora tu. Humo usifuate rafiki, msanii wa Bongo Fleva wala timu. Usiweke laiki kwenye kitu kisichokuwa rangi ya maji. Baada ya siku chache simu itakuwa imeelewa.

Kwenye kutafuta, andika watercolor na pia watercolour. Wamarekani wanaandika hivi, Waingereza vile, na kila tahajia ina watu wake. Ukiandika "rangi za maji" utaletewa mafundi wanaopaka nyumba. Kisha ongeza kitu chenyewe: watercolor rusty roof, watercolor banana leaf, watercolor market. Ukitafuta watercolor peke yake utapewa mawaridi na machweo, basi. Ukitafuta bati lenye kutu utawapata watu waliohangaika na bati kama unavyohangaika wewe.

Pinterest ni nzuri kwa kutafuta, lakini picha nyingi kule zimeshapoteza mwenyewe. Bonyeza mpaka ufike kwa aliyeichora. Usipompata, iache.

Hatua ya 2: Fuata wachache, na wawe wanaoonyesha rangi ikiwa mbichi

Kigezo changu ni kimoja. Fungua akaunti, teremka picha kama ishirini hivi. Je, unaona mkono? Unaona karatasi iliyolowa, kingo za tepu, mistari ya penseli, kitu kilekile kikichorwa tena na tena? Mfuate. Unaona picha zilizokamilika tu, kila moja ndani ya fremu juu ya sofa jeupe? Sifia, pita.

Ukiwa huna pa kuanzia, hawa hapa, na kwa kila mmoja nimekuwekea cha kutazama:

- Joseph Zbukvic, mzaliwa wa Zagreb anayeishi Melbourne, Australia. Mtazame kwa mitaa. Majengo ya mbali anayaacha yayeyuke kwenye kijivu chepesi, na vivuli vya watu, magari na nguzo anaviunga vikawa umbo moja refu jeusi chini ya picha. Nitamrudia hapa chini.
- Hazel Soan, Mwingereza anayechora sana Afrika: wanyama, na watu waliosimama kwenye jua kali. Mtazame jinsi anavyoacha karatasi tupu kuwa mwanga. Jua lake ni jua letu, na hilo ni nadra mitandaoni.
- Liz Steel, msanifu majengo wa Sydney. Anachora majengo na vikombe vyake vya chai, kila siku, bila kusubiri kitu kikubwa. Anayesema hana cha kuchora amtazame huyu.
- Marc Taro Holmes wa Montreal. Watu waliochorwa haraka, moja kwa moja kwa brashi. Yeye na Liz Steel ndio walioanzisha changamoto ya kuchora watu 100 ndani ya wiki moja.
- Agnes Cecile wa Italia, kama unapenda sura za watu. Anayeanza asimwige mapema. Maji yake yanaonekana yamemwagika ovyo, lakini kila tone limepangwa.
- Urban Sketchers, kundi lililoanzishwa na Gabriel Campanario huko Seattle mwaka 2007. Sharti lao ni kuchora ukiwa palepale, si kwa kutumia picha ya simu. Alama ya #urbansketchers inakupeleka miji ya dunia nzima.

Hao sita wanatosha kwa miezi. Na wachoraji wetu je? Tingatinga imejaa maduka ya Arusha na inafaa kutazamwa, lakini ujue inachorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, kwa hiyo haitakufundisha maji. Itakufundisha umbo: Edward Saidi Tingatinga alijaza ubao kwa mnyama mmoja, na hukosi kujua ni mnyama gani hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Wanafunzi wengi wa rangi za maji wanalikosa hilohilo.

Angalizo: picha za akili mnemba. Zimejaa, na watu wanazinakili bila kujua. Dalili zake: akaunti inaweka kazi kubwa tatu kwa siku, hakuna mkono wala brashi hata mara moja, sahihi ni mikwaruzo isiyosomeka, madirisha ya nyumba moja hayalingani, na rangi inamwagika mahali ambapo maji yasingefika. Muulize mwenyewe kwenye komenti ametumia karatasi gani. Mchoraji wa kweli hupenda sana swali hilo, atakujibu aya nzima. Hatari ya kunakili picha hizi ni kwamba unajitesa kutafuta mbinu ambayo haipo.

Angalizo la pili: video za sekunde 30. Kilichokatwa ni kusubiri. Mtu amepaka anga, amekwenda kula, amerudi, amepaka milima, amesubiri tena. Wewe unapaka vyote mfululizo, kisha unailaumu karatasi.

Hatua ya 3: Hifadhi kwa swali, si kwa uzuri

Instagram inakuruhusu kuhifadhi picha kwenye makundi unayoyapa majina. Wengi wana kundi moja linaloitwa "nzuri" lenye picha mia nne ambazo hazijafunguliwa tena. Yape makundi yako majina ya kazi: *kivuli*, *kingo*, *nyeupe*, *kijani*, *watu wadogo*, *kutu*.

Na kila unapohifadhi, andika mstari mmoja kwenye daftari. Mstari uwe swali. Mfano:

*Amefanyaje kivuli kiwe cheusi na bado naona barabara ndani yake?*
*Nyeupe ya shati ni rangi au ni karatasi?*
*Kwa nini kijani chake hakifanani na plastiki?*

Kama huwezi kuandika swali, usihifadhi. Hiyo sheria ni ngumu siku mbili za kwanza, baadaye utaona unahifadhi picha chache sana, na zote una kazi nazo.

Hatua ya 4: Isome picha kabla ya kushika brashi

Chagua picha moja iliyohifadhiwa. Kaa nayo robo saa.

Piga skrinishoti, ingia kwenye sehemu ya kuhariri picha kwenye simu, punguza ukolevu wa rangi hadi sifuri. Sasa ni nyeusi na nyeupe. Hapa ndipo siri nyingi zinapotoka: utakuta picha uliyoipenda kwa rangi zake imesimama kwa sababu ya mwanga na giza. Fumba macho nusu. Unaona maumbo makubwa mangapi? Mara nyingi ni matatu hadi matano.

Chora kwenye daftari kisanduku cha ukubwa wa kiberiti. Ndani yake weka maumbo hayo kwa penseli kwa ngazi tatu tu: nyeupe usiyoigusa, kijivu, nyeusi. Usichore dirisha, usichore uso. Kisha jiulize mambo matatu na uyaandike pembeni: nyeupe iko wapi, ukingo gani ni mkali na upi umeyeyuka, na kipi kilipakwa kwanza. La tatu lina jibu linalojirudia. Rangi za maji zinaenda kutoka nyepesi na pana kwenda nzito na ndogo, kwa sababu rangi hizi zinapitisha mwanga. Ukipaka nyepesi juu ya nzito, haionekani.

Hapo namrudia Zbukvic, maana ana kitu ambacho kila anayeanza angepaswa kukibandika ukutani. Anakiita saa ya rangi za maji. Upande mmoja wa saa kuna uzito wa rangi kwenye brashi, kuanzia mwepesi: chai, kahawa, maziwa, krimu, siagi. Upande wa pili kuna hali ya karatasi, kuanzia iliyolowa chepechepe hadi iliyokauka. Kazi yako ni kujua saa hizi ni ngapi pande zote mbili. Chai kwenye karatasi iliyolowa inatandaa ikawa ukungu. Krimu kwenye karatasi yenye unyevu kidogo inatoa ukingo laini lakini umbo linabaki. Siagi kwenye karatasi kavu ni mkwaruzo mkali, kama nyaya za umeme.

Hali ya karatasi utaijuaje? Inamisha kichwa uitazame kwa ubavu, ukiwa na dirisha mbele yako. Iking'aa kama kioo, bado imelowa. Ikiwa na mng'ao hafifu tu, ina unyevu, na hapo ndipo pazuri na pa hatari pamoja. Mng'ao ukiisha usiseme imekauka. Igeuze, gusa upande wa nyuma kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa baridi, maji bado yamo.

Hatua ya 5: Nakili kipande, si picha nzima

Chukua sehemu ya picha yenye jibu la swali lako, yenye ukubwa wa karata ya kuchezea, uichore hiyo tu. Kama swali ni kivuli, nakili kivuli na nusu ya mtu. Fanya mara kadhaa kwenye kipande kimoja cha karatasi. Nyuma yake andika jina la uliyemnakili.

Mazoezi haya ni ya daftarini. Kuiuza nakala ya kazi ya mtu, au kuiweka mtandaoni kana kwamba ni yako, ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo inayoisimamia. "Nimebadilisha rangi ya gauni" si utetezi.

Ukitaka kunakili picha nzima bila wasiwasi, nenda kwa waliokufa zamani: J. M. W. Turner (1775–1851), Winslow Homer (1836–1910), John Singer Sargent (1856–1925). Jumba la makumbusho la The Met la New York tangu 2017 limeruhusu picha za kazi za zamani zisizo na hakimiliki zipakuliwe na kutumiwa bure, na ukubwa wake unakuwezesha kuvuta mpaka uone brashi ilipokauka. Homer alichora minazi ya Bahamas ikipigwa na upepo. Mtazame kabla ya kwenda kwenye mgomba. Majani ni tofauti lakini tatizo ni lilelile, yaani jani linalopindana, upande mmoja jua na upande wa pili kivuli.

Hatua ya 6: Toka nje na swali lako

Swali moja, kitu kimoja. Hivi ndivyo ninavyoyaoanisha mwenyewe:

*Nyeupe inayoachwa.* Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye theluji, alfajiri. Lazima uwahi, maana asubuhi ikisonga mawingu yanapanda na mlima haupo tena hadi jioni. Theluji usiipake, ni karatasi. Paka anga kuizunguka, na mabonde ya theluji upitishe ultramarine nyepesi sana. Chini, mlima unapoingia mawinguni, gusa ukingo kwa brashi yenye maji safi uyeyuke. Halafu hili: ukiwa Moshi unaitazama kaskazini, Mawenzi yenye meno meusi (mita 5,149) iko kulia kwa Kibo (mita 5,895), na jua la asubuhi linatoka upande huohuo, kwa hiyo vivuli viko kushoto. Picha nyingi za mtandaoni zimepigwa Amboseli, upande wa Kenya, ambako Mawenzi iko kushoto. Kuna watu wamezaliwa Majengo na Pasua, hapahapa Moshi, mlima wanauona kila asubuhi, na bado wanauchora kinyumenyume kwa sababu wamenakili kwenye simu.

*Kutu na chengachenga.* Bati kuukuu. Moshi na Arusha tumejaliwa mabati, na hakuna kitu kinachoipenda ultramarine na burnt sienna kama bati. Nitalieleza kwenye hatua ya 7.

*Umati na watu wadogo.* Soko la Mbuyuni hapa Moshi, au soko la Kilombero kwa walioko Arusha. Usijaribu sokoni katikati. Panda ghorofani au kaa upande wa pili wa barabara.

*Kitu kimoja, karibu.* Mkungu wa ndizi. Ukiwa sokoni, salimia kwanza: "Shikamoo mama, naomba nikae hapa kidogo nichore ndizi zako." Wengi hukubali, na ukinunua chane kabla hujaketi wanakubali haraka zaidi.

*Zambarau isiyopiga kelele.* Arusha jakaranda zinapochanua, Oktoba na Novemba. Mitandaoni utaona zambarau kali iliyotoka kwenye tyubu. Simama chini ya mti uangalie: upande wa jua unakaribia waridi, upande wa kivuli unakaribia buluu, na lami iliyojaa maua ina rangi hiyohiyo iliyopauka.

Usikae mbele ya kambi ya jeshi au kituo cha polisi ukaanza kuchora. Utajieleza mpaka jioni.

Hatua ya 7: Chora, kwa mfano bati lenye kutu

1. Bandika karatasi kwenye plaiwudi kwa maskintepu pande zote nne. Inua upande wa juu kidogo kwa kuweka kitabu chini yake.
2. Penseli kidogo: mstari wa paa, mstari wa ukuta. Migongo ya bati usiichore yote. Tatu au nne zinatosha, jicho litamalizia.
3. Changanya ultramarine na burnt sienna mpaka upate kijivu cha uzito wa chai. Ikielemea buluu ni baridi, ikielemea kahawia ni joto. Tengeneza nyingi; kuishiwa katikati ndiko kunakoleta mistari.
4. Paka paa zima kwa brashi bapa, kutoka juu kwenda chini, ukiacha ukanda mwembamba mkavu pale jua linapopiga.
5. Subiri mng'ao uwe hafifu. Sasa chukua burnt sienna ya uzito wa maziwa, dondosha kwenye misumari na kwenye maungio ya mabati, ambako ndiko kutu huanzia. Ondoa mkono. Usisugue, usirekebishe. Ultramarine ina chembe zinazotuama kwenye vishimo vya karatasi, na hizo chengachenga ndizo zitakazokupa ule ukuukuu wa bati bila wewe kuuchora.
6. Acha ikauke kabisa. Hapa ndipo video ilipokata.
7. Changanya tena zilezile mbili kwa uzito wa krimu, upate karibu nyeusi, upake kivuli chini ya ukingo wa paa kwa mkono mmoja usiosita. Mistari michache ya migongo kwa ncha ya brashi. Simama hapo.

Ukimaliza, rudi kwenye swali la daftarini uandike jibu mlilopata wewe na bati, si alilosema mtu kwenye video.

Hatua ya 8: Ukitaka, weka mtandaoni

Piga picha kivulini, si juani, karatasi ikiwa imelala sawa. Usikolezee rangi. Kama mbinu umeitoa kwa mtu, mtaje. Julai ni mwezi wa rangi za maji duniani, watu wanaweka kazi kila siku kwa #WorldWatercolorMonth. Ni wakati mzuri wa kupata macho mapya.

Matatizo yanayorudi kila mara

*Karatasi inajikunja.* Ni nyepesi, au hukubandika pande zote. Chini ya gramu 300 itajikunja tu, hata ufanyeje.

*Rangi zimetoka tope.* Umechanganya zaidi ya tatu, au umerudia kusugua sehemu yenye unyevu, au maji ya kuoshea yameshakuwa chai. Badilisha maji kabla ya njano na kabla ya anga.

*Kumetokea doa lenye kingo kama koliflawa.* Brashi ilikuwa na maji mengi kuliko karatasi. Rudi kwenye saa ya Zbukvic: karatasi ikishaanza kukauka, kinachoingia lazima kiwe kizito kuliko kilichopo. Likishatokea liache likauke. Ukilikimbiza mbichi linazaa la pili.

*Ilikuwa imekolea, imekauka imepauka.* Ndivyo zilivyo. Paka ikiwa imekolea kuliko unavyotaka.

*Inakauka kabla sijamaliza anga.* Januari na Februari, adhuhuri, ukiwa juani, hata mzoefu hawezi. Nenda asubuhi, kaa kivulini, lowesha karatasi mara mbili ukiipumzisha katikati, na utumie brashi kubwa.

*Haikauki kabisa.* Juni na Julai, kwenye ukungu, Arusha hasa. Chukua mbili uchore kwa zamu. Kuisogeza kwenye jiko la mkaa siyo suluhisho. Itajikunja na kushika masizi.

*Kijani changu chote ni kimoja.* Acha kijani cha tyubu. Changanya njano na buluu zako mbili kwa zamu, kisha tia burnt sienna kidogo. Mgomba, mkahawa na mparachichi kwenye kihamba (shamba la nyumbani) kimoja havina kijani kimoja.

*Picha ya ukutani imefifia.* Angalia namba ya unga. PR83, ile alizarin crimson ya zamani, hupauka kwenye mwanga, na zile pinki kali zinazong'aa pia. Zitumie daftarini, si kwenye kazi ya kuuza.

*Kila ninachochora kinafanana na cha fulani.* Umekaa na mtu mmoja muda mrefu. Chukua swali kutoka kwa mwingine, uchore kitu kilekile ulichochora jana.

*Nikiona kazi zao nakata tamaa.* Basi fungua simu baada ya kuchora, si kabla. Nasema hivi kwa uzito wote: nusu ya wanaoacha, wanaacha wakiwa wameshika simu, hawajashika brashi.

*Nikichora nje watu wananizunguka.* Kaa umeegemea ukuta ili wasisimame nyuma yako. Salamu ijibu, maswali yajibu huku ukiendelea, na anayeuliza bei mtajie bei, hata kama hukukusudia kuuza. Watoto wakija, wape penseli na kipande kilichoharibika wachore upande wa nyuma. Wataketi, na kopo lako la maji halitapigwa teke.